Mwonjaji Aliyemeza

Kuna uchovu wa kazi, na huo dawa yake ni kitanda. Kuna na uchovu mwingine ambao unaulaza vizuri, unaufunika shuka, halafu asubuhi unakuta umekutangulia kuamka. Wa Mama Pacha ulikuwa huo wa pili, na ulikuwa umemkalia mwaka mzima.

Haukuwa ugonjwa wa kuonekana. Hakukohoa, hakukonda, wala hakuwa na homa. Nywele tu zilibaki kwenye kitana mafungu mafungu, kucha zilimvunjika ovyo, na usiku miguu ilikataa kutulia kitandani kana kwamba ina safari yake. Akiinama kuokota kitu, moyo ulimdunda kama mtu aliyetoka mbio. Lakini watu waliomtazama waliona mama wa miaka arobaini na moja, mzima wa afya, na mtu mzima wa afya akisema kila siku kwamba amechoka ana jina lake. Mama Pacha alikuwa ameshalisikia.

Alilisikia kwa wifi yake. Wifi alikuja Jumapili moja, akapitisha kidole juu ya kabati, akakitazama kile kidole, kisha akasema kwa sauti ya kutosha, "Wengine wanaumwa malaria, wengine wanaumwa uvivu." Zamani asingetoka mle ndani bila kupewa zake, tena za moto. Siku hiyo Mama Pacha alisema tu, "Kweli, wifi." Akaenda jikoni kutafuta kitambaa cha vumbi, akakaa nacho mkononi mpaka mgeni akaaga.

Mumewe, Baba Pacha, alikuwa mwalimu wa hesabu. Mtu mwema, ila anaamini tarakimu kuliko macho yake mwenyewe. Alikuwa amempeleka mkewe kliniki ya jirani, damu ikapimwa, akarudi na karatasi anaipunga kama mzazi wa mwanafunzi aliyefaulu.

"Kumi na mbili nukta sita," alisema. "Mpaka wa chini ni kumi na mbili. Huna upungufu wa damu, mke wangu. Ni mawazo tu."

"Labda," alisema Mama Pacha. Hakuwa na mawazo yoyote. Hata mawazo yanataka nguvu.

Kazi yake ilikuwa kuonja chai. Kuna watu hawaamini kwamba hiyo ni kazi, na Mama Pacha alikuwa amechoka kuwaeleza. Kwenye kampuni ya kununua na kuuza chai kuna chumba kirefu chenye madirisha makubwa, na ndani yake meza ndefu, na juu ya meza vikombe vyeupe visivyo na mikono, mia mbili na zaidi kwa asubuhi moja. Kila kikombe ni chai ya shamba fulani, ya siku fulani. Mwonjaji anavipitia akiwa wima, anachota kwa kijiko, anaivuta kwa kishindo kama mtu asiye na adabu, anaizungusha mdomoni, anaitema kwenye ndoo ndefu yenye magurudumu anayoisukuma kwa goti, kisha anasema neno moja. Nyembamba. Imeungua. Ina moshi. Karani anaandika, na neno hilo ndilo linaloamua kama mzigo utanunuliwa au utaachwa.

Mkuu wa meza aliitwa Mzee Kijiko, kwa sababu ya kijiko chake cha fedha alichotembea nacho kwenye mfuko wa shati kwa miaka thelathini. Yeye ndiye aliyemfundisha Mama Pacha. Alikuwa na masharti yake: asubuhi hakuna kula kabla ya kuonja, ili ulimi uwe safi; hakuna manukato; na kubwa kuliko yote, hakuna kumeza. "Meza hii haina wanywaji," alikuwa akisema. "Anayetaka kunywa aende hotelini akalipie." Mwonjaji akimeza, ulimi unapigwa ganzi, cha mia na hamsini hawezi kukitofautisha na cha kwanza. Kumeza kulikuwa ndiyo aibu ya kazi ile. Hata kwa utani hakusemwi.

Mzee alikuwa anastaafu mwisho wa msimu, na kila mtu alijua nafasi yake ni ya nani. Miaka kumi na minne Mama Pacha alikuwa amesimama kulia kwake. Baada yake alikuwepo mwanamke mmoja waliyemwita Pua, mwenye pua kali kweli, lakini ana miaka mitatu tu mezani. Kile kiti Mama Pacha alikitaka. Hakuwa na haya kujisemea hivyo. Kwao hakuna aliyewahi kuwa mkuu wa chochote.

Daktari wa pili ndiye aliyeuliza maswali. Alikuwa binti mdogo mwenye macho ya mtu aliyekesha, na labda ndiyo maana alimwelewa. Aliuliza habari za nywele, za miguu ya usiku, halafu akauliza, "Na siku zako, mama, zikoje?" Mama Pacha akatazama ukuta. Akasema ni siku saba, na siku mbili za katikati hathubutu kukaa kwenye kiti cha watu. Alidhani kila mwanamke ndivyo alivyo. Daktari akaandika, akaagiza kipimo kingine ambacho kule kwa jirani hawakukifanya, pamoja na picha ya kizazi. Picha ilikuwa safi. Kipimo hakikuwa safi.

"Damu yako inatosha," alisema siku ya majibu. "Waliokuambia hawakukudanganya. Ila mwili unaweka akiba ya madini ya chuma, na akiba yako imekwisha. Feritini, yaani kipimo cha hiyo akiba, ni nane. Ningependa ipite thelathini. Ni kama nyumba ambayo chakula cha leo kipo mezani, lakini stoo hakuna hata punje. Mgeni akiingia anaona mnakula. Mwenye nyumba ndiye anayejua."

Mama Pacha alitaka kulia. Si kwa huzuni. Ni kwa sababu mtu alikuwa amemwamini.

Akapewa dawa ya kupunguza damu kwenye zile siku nzito, na vidonge vya chuma: kimoja siku hii, kesho apumzike, kesho kutwa kingine. Tumbo likiwa tupu. Kwa maji au juisi ya chungwa. Mbali na maziwa, mbali na kahawa, mbali kabisa na chai, maana chai inakamata chuma tumboni na kukizuia kisiingie mwilini.

"Chai unakunywa?" daktari aliuliza.

"Sinywi," alisema Mama Pacha.

Na hakudanganya. Nyumbani kwake hakuwa amegusa kikombe cha chai kwa miaka kumi na minne; wenzake wakinywa chai, yeye maji ya moto. Mwonjaji hanywi chai, anaonja. Ukimwamsha mwonjaji yeyote usingizini ukamuuliza, atakujibu hivyo hivyo. Kwenye fomu, mahali pa kazi, alikuwa ameandika "kampuni", kwa kuwa neno fupi halichoshi mkono.

Basi akaanza vidonge. Tumbo lake lilikuwa tupu saa ngapi? Asubuhi, kwa masharti ya Mzee Kijiko. Saa mbili kasoro anameza kidonge kwenye chumba cha kubadilishia nguo, saa mbili kamili yuko mezani. Alivumilia yote: choo kigumu, cheusi, na ladha ya chuma iliyoning'inia nyuma ya ulimi kama amelamba ufunguo. Alijikaza kisabuni. Daktari alikuwa amesema miezi mitatu.

Sasa kuna jambo ambalo Mama Pacha hakumwambia mtu, hata nafsi yake alikuwa akiiambia kwa kuiba. Kutema ni kazi. Unainama, unakaza tumbo, unasukuma; mara moja si kitu, lakini hebu fanya mara mia mbili na hamsini, moyo unakwenda mbio na magoti yanalegea. Baada ya uchovu kuanza, siku moja alimeza kimoja. Kikapita. Halafu kimoja katika kumi. Mwisho ikawa kimoja katika vitatu. Chai ya vuguvugu ilikuwa inateremka yenyewe bila kuomba msaada, na tena ilimwamsha kidogo. Alikuwa akimeza macho yakiwa kwenye kikombe kinachofuata, uso umetulia. Hakuna aliyejua, alidhani.

Kisha ukaja mzigo wa moshi. Mzee Kijiko alikuwa ameuonja akasita, akamgeukia. "Hii ina moshi au nimezeeka?" Mama Pacha akaonja. Alikuwa amefika kikombe cha mia na themanini, ulimi umekufa. "Safi," alisema. Mzee akamwamini, mzigo ukanunuliwa, ukauzwa, na baada ya wiki tatu mteja akaurudisha wote. Harufu ya moshi ilikuwa inamfikia mtu akiwa mlangoni.

Meneja hakupiga kelele. Alisema tu mbele ya watu kwamba ulimi wa binadamu nao una umri wake, akamtazama mzee. Mzee akajibu kwamba ni kweli, kosa ni lake. Tangu siku hiyo akawa anaonja kila kikombe mara mbili, akitikisa kichwa, na kile kijiko akawa anakifuta kwa leso hata kikiwa safi. Mama Pacha alimwona. Alikwenda nyumbani, akalala na nguo zake za kazi.

Miezi mitatu ikaisha. Feritini ikapanda kutoka nane hadi tisa.

Daktari aliitazama karatasi, akamtazama na yeye. "Mama, niambie ukweli. Vidonge unavitumia?"

"Anatumia," alidakia Baba Pacha, ambaye alikuwa amehesabu pakiti tupu, kama kawaida yake. "Arobaini na tano. Hakuna hata kimoja kilichobaki."

"Basi kuna kitu kinazuia," daktari alisema. Akaandika barua ya kwenda hospitali kubwa, waingize kamera, watazame tumbo. Wiki mbili baadaye. Njiani kurudi nyumbani Baba Pacha hakutaja tarakimu yoyote, na hapo ndipo Mama Pacha alipojua kwamba ameogopa.

Aliyemfumbua macho alikuwa Shangazi wa usafi. Huyu hakuwa shangazi wa mtu pale; ni jina tu la heshima. Kazi yake ilikuwa kuosha vikombe na kumwaga ndoo za waonjaji. Asubuhi moja alimkuta Mama Pacha kwenye chumba cha kubadilishia nguo, ameshika kidonge na glasi ya maji, akamkalia karibu.

"Mwanangu, nikuulize kitu, usinikasirikie."

"Uliza tu, Shangazi."

"Mimi hizi ndoo nazibeba kila siku. Ya mzee naijua uzito wake, ya Pua naijua. Yako siku hizi nainyanyua kwa mkono mmoja." Akashusha sauti. "Sijamwambia mtu. Lakini ile chai inakwenda wapi?"

Mama Pacha aliangalia kidonge kilichokuwa kiganjani mwake. Halafu akaangalia mlango wa chumba cha kuonjea, ambako birika zilikuwa zimeshaanza kuchemka. Miezi mitatu. Kidonge saa mbili kasoro, na nyuma yake mafunda sabini ya chai ya rangi yakikifuata tumboni kukikamata. Alikuwa amelamba ufunguo, amejaza tumbo mawe, mumewe anahesabu pakiti, na wote walikuwa wanamwaga maji kwenye pakacha. Alicheka, kicheko kibaya kisicho na pumzi, Shangazi akadhani analia na akamshika bega.

Angeweza kunyamaza. Nataka ieleweke hivyo. Kidonge angekihamishia jioni, kamera angeifuta, na mwisho wa msimu kiti kingekuwa chake. Alimpigia daktari simu siku hiyo hiyo wakati wa mapumziko, akamweleza kazi yake ni nini hasa, na daktari akasema, kwa upole, kwamba kosa lilikuwa la swali lake yeye, alipaswa kuuliza kwa namna nyingine. Vidonge viwe jioni kabla ya chakula, saa kadhaa mbali na chai. Kamera isubiri. Jambo lilikuwa limekwisha.

Lakini alirudi mezani akamkuta Mzee Kijiko ameinama juu ya kikombe, anakionja mara ya tatu. Miaka thelathini ile. Mama Pacha akaweka kijiko chake chini.

"Mzee, kwenye ule mzigo wa moshi wewe ndiye uliyekuwa sahihi. Ulimi wako hauna tatizo. Mimi nilikuwa nimemeza."

Pua aliinua kichwa. Karani akaacha kuandika.

"Umemeza siku ile?"

"Siku ile, na nyingine nyingi. Karibu mwaka." Akaeleza yaliyobaki, akiwa amesimama, ameshika ukingo wa meza.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulipita mambo mengi. Kwanza nafuu, ambayo hakuweza kuificha, halafu hasira, halafu kitu kingine kilichokuwa kibaya zaidi, kama baba aliyemfuma mwanawe. "Ungeniambia umechoka," alisema, "ningekupa kiti. Ningeleta hata godoro." Akachukua kijiko cha Mama Pacha, akakifuta, akakirudisha kwenye droo. "Miezi mitatu hutakanyaga hapa. Nenda chumba cha majani makavu. Kaa, pima sampuli, pona. Ukipona tutaongea."

Alikwenda. Kwenye chumba cha majani makavu kulikuwa na stuli, mizani ndogo na dirisha moja. Alipima sampuli akiwa amekaa, na wiki ya kwanza hakuona aibu wala uchungu wowote, kwa jinsi kukaa kulivyokuwa kutamu.

Jioni akifika nyumbani, kabla ya chakula, siku hii kidonge na juisi ya chungwa, kesho mapumziko. Kupona kwenyewe hakukuwa na tarumbeta. Wiki ya tano aligundua kwamba ameosha vyombo na bado amesimama. Wiki ya nane pacha wake wawili, mabinti wa miaka kumi na mmoja, walimwomba awasuke, akawasuka wote siku moja. Miguu ikaanza kulala pamoja naye. Katikati ya hayo msimu ukaisha, Mzee Kijiko akaagwa kwa keki na hotuba ya meneja, akaenda kwao. Alipompa Mama Pacha mkono aliushika muda mrefu. "Nimemwambia meneja akusubiri," alisema.

Siku ya majibu, feritini ilikuwa thelathini na nne. Siku hiyo hiyo mchana, meneja alimwita ofisini, akamwambia kwamba Pua amethibitishwa kuwa mkuu wa meza, na kwa kuwa kule kwenye majani makavu anaonekana ametulia, basi abaki kule kule moja kwa moja. Alisema kama anayetoa zawadi. Mama Pacha, kwa mazoea ya mwaka mzima, alishukuru, akatoka.

Nyumbani alimkuta Baba Pacha mezani anasahihisha madaftari. Akamweleza yote mawili, habari njema na ile nyingine. Mume alifurahia ile njema mpaka akainuka kitini. "Thelathini na nne. Mara nne na robo ya ile ya kwanza." Kisha akaketi, akachukua kalamu. "Hayo ya kiti yaache, mke wangu. Kazi ni kazi. Muhimu umepona. Wewe siku hizi si mtu wa makuu."

Mama Pacha alisimama katikati ya sebule na mkoba begani. Alihisi kitu kinampanda kutoka tumboni, cha moto, kizito, na kwa sekunde kadhaa aliogopa kwamba ni ule moyo tena. Haukuwa moyo.

"Nani kakwambia mimi si mtu wa makuu?" alisema. "Miaka kumi na minne nimesimama pale. Nikakosea kwa sababu naumwa, nikasema ukweli kwa mdomo wangu, wananiweka stoo halafu nishukuru? Na wewe. Wewe ulinisomea kumi na mbili nukta sita. Nilikuwa nakufa kwa kusimama, wewe unaniambia mpaka wa chini. Unahesabu pakiti, mtu mwenyewe humtazami. Umewahi kuniuliza hata siku moja, mke wangu unajisikiaje? Unaijua tarakimu ya hilo?"

Sauti ilikuwa imepanda. Pacha walitokea mlangoni kwenye korido, mmoja nyuma ya mwingine, wakaduwaa. Mama Pacha aliendelea. Alisema habari za vyombo, za sare za shule anazofua peke yake, za siku aliyolala na nguo za kazi na hakuna aliyemvua hata viatu. Alisema kwamba kesho saa mbili atakuwa mlangoni kwa meneja, na wapange vikombe mia tatu wakitaka, yeye na Pua, wafunge macho, ijulikane. Pumzi haikumwishia. Hilo alilitambua katikati ya sentensi, na likamwongezea maneno.

Alipotulia kidogo, aliona kalamu nyekundu imelala juu ya daftari la mtoto wa watu, inachafua ukurasa. Baba Pacha alikuwa amefunika uso kwa mikono yote miwili, na mabega yanamtikisika.

"Unacheka?"

Akashusha mikono. Hakuwa anacheka. "Mwaka mzima," alisema. "Mwaka mzima nikikosea unasema labda. Nikichelewa unasema haya. Nilidhani umenichoka. Nilidhani umeshaondoka, umeniachia tu mwili wa kunipikia." Akafuta macho kwa mkono wa shati, kama mtoto. "Nisamehe. Sikujua kwamba hizo labda zako nazo zilikuwa ugonjwa."

Mama Pacha alivuta kiti akakaa mbele yake. Hakuwa amemaliza hasira yake, na hakuwa na nia ya kuimaliza leo. Lakini alimtazama yule mwanamume, mwenye wino mwekundu kwenye shavu, akaona kwamba kumbe uchovu ule walikuwa wameubeba wawili.

"Endelea," alisema Baba Pacha. "Bado hujamfikia dada yangu."

Basi akamfikia.